Fosi Zangu Zisizojaa

Mwadi mwanangu,

Wewe na mama yako mko kwa msusi, na kwa jinsi ninavyomjua yule msusi hamtarudi kabla jua halijashuka. Nimefunga mlango wa sebule, nimekaa katikati ya masanduku yako, nimechukua daftari lako moja lenye kurasa tupu. Kesho asubuhi unapanda basi la Kasumbalesa, unavuka mpaka wa Zambia, unaendelea hadi Afrika Kusini kwa profesa wako. Habari za sweta, za kuficha hela, za kutomwachia mtu pasipoti yako hata akiwa amevaa kofia ya serikali, mama yako amezisema wiki nzima mpaka majirani wanaweza kuzikariri. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, nalo nimelikuta asubuhi ya leo kwenye katoni ya vitabu vyako.

Lakini nianze na karamu ya jana. Baba yako mdogo alisimama, bia mkononi, akaongea mpaka kuku akapoa. Alikuita injinia wetu, akasema utarudi kutujengea madaraja. Miaka yote uliyosoma hajawahi kukuuliza unasoma nini. Wewe unasomea maji machafu: namna ya kuyasafisha kwa matete na mchanga, na namna ya kulikausha tope linalobaki, ulichanganye na udongo, lichomwe liwe tofali la kujengea nyumba. Mtu mzima mwenye akili zake anamwaga machozi ya furaha kwa ajili ya madaraja ambayo hakuna aliyeyataja. Nilimdharau pale pale alipokuwa anasema. Halafu akanigeukia mimi, nami nikaacha kumdharau, maana sasa alikuwa ananisifu mimi.

"Bantu bote ba Hewa Bora banayua," akasema. "Fosse ya Maître Banza haijalaka hata siku moja. Njo kule huyu mutoto alitosha akili."

Ndiyo sifa yangu hiyo: mashimo yangu ya choo hayajai, na wewe eti umechota akili humo. Watu wakapiga makofi. Nikainua glasi. Wewe ulikuwa unatazama sahani yako. Nilidhani ni haya ya msichana anayesifiwa mbele za watu. Nimekuwa mjinga miaka mingi, na jana nilikuwa mjinga aliyevaa tai.

Asubuhi nikaanza kuipanga upya katoni yako, kwa sababu wewe unapanga vitabu kama mtu anayepakua mawe. Chini kabisa nikakuta memwari yako, ile kazi ya kumalizia chuo iliyokupatia nafasi kwa profesa. Nikaifungua kwa majivuno. Ndani kuna ramani ya mtaa wetu wa Hewa Bora: visima kwa doa la bluu, fosi za vyoo kwa doa jekundu, na kila kisima ambacho maji yake uliyapima ukayakuta machafu kina msalaba. Nikatafuta nyumba yetu. Haipo. Avenue yetu yote, na ile ya nyuma yake, umezipaka rangi ya kijivu, na pembeni umeandika kwa Kifaransa kwamba eneo hilo halikufikika.

Halikufikika? Mwadi, wewe unanunua mkate hapo kila asubuhi. Ulijifunzia baiskeli hapo, ukaacha jino hapo. Kama kuna mtu mmoja duniani anayeweza kufika kwenye avenue yetu akiwa amefumba macho, ni wewe.

Halafu, ndani ya jalada la nyuma, nikakuta ramani nyingine, ya penseli. Hiyo haina kijivu. Visima vyote vipo, misalaba ipo, na baadhi ya madoa mekundu umeyazungushia duara, ukaandika kando: fosses de papa. Fosi za papa. Nilianza kuhesabu misalaba iliyo karibu na maduara yale, kisha nikaacha. Kisima cha jirani yetu, marehemu Papa Ramazani, umekiwekea misalaba miwili.

Nitakuambia kilichokuwa moyoni, sitakupambia. Sikuona aibu kwanza. Niliona hasira, na hasira hiyo ilikuwa juu yako. Nilisema, mtoto huyu amenionea huruma kama watu wanavyomwonea huruma mlevi aliyelala kibarazani: unamfunika na kitenge, unaruka miguu yake, unaendelea na safari. Nilikaa sakafuni na ramani mapajani kwa muda mrefu. Hasira ilipoisha nikaona kwamba mlevi kweli yupo, na ni mimi.

Sasa acha nikueleze kazi yangu, ambayo unadhani unaijua.

Aliyenifundisha kujenga alikuwa mzee mmoja mkali, mtu wa reli kama babu yako, ambaye hakuwahi kumsifu mtu. Alinifundisha fosi ya kweli. Chini unamwaga zege. Kuta unazipiga lipu kwa ndani mpaka ziwe laini kama sahani. Unagawa vyumba viwili, tope libaki cha kwanza, maji yapite cha pili. Fosi ya namna hiyo inajaa. Lazima ijae, ndiyo kazi yake. Ikijaa unaita lori la kunyonya, na siku hiyo mtaa wote unajua familia yako inakula nini. Watu hawalipendi lile lori. Mtu anaweza kuweka marumaru sebuleni, milango ya kioo, simba wawili wa saruji getini, lakini kumwita mtu wa lori anaona ni kuvuliwa nguo hadharani.

Fosi yangu ya tatu au ya nne iliharibika kwa bahati mbaya. Mwenye nyumba alichukua mifuko ya saruji iliyobaki akaipeleka kwenye baraza, kwa sababu baraza linaonekana na wageni. Mimi nilikuwa kijana, nilikuwa nataka kumaliza. Nikapanga mawe chini bila saruji, nikafunika. Nikakaa nikingoja alalamike. Mwaka ukapita, ukapita wa pili, wa tatu, na fosi haikujaa. Yule bwana akawa ananitangaza sokoni kama dawa. Kumbe kosa langu lilikuwa limeniajiri.

Tangu hapo nikaacha kusahau kwa bahati mbaya, nikaanza kusahau kwa makusudi. Tulikuwa tunachimba mpaka tukute ule udongo mwekundu wenye kokoto, unaokunywa maji. Tukiufikia, tulikuwa tunashangilia, tunatuma mtu alete munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, tunakunywa tukiwa tumekaa ukingoni mwa shimo. Mafundi wenzangu walikuja kujifunza. Nikawafundisha, kwa maringo, kama niliyevumbua umeme. Kuna mafundi wa mtaa wa Ruashi leo wanajiita wanafunzi wa Banza, wanajenga vile vile kwenye zile nyumba mpya, na mimi nikiwapita wananiinulia kofia. Watu wasiojua kitu wanamwinulia kofia mtu asiyejua kitu, na wote tunarudi nyumbani tumeridhika.

Unakumbuka siku uliyokuja kwenye ujenzi wa nyumba ya ghorofa, ile iliyo ukuta mmoja na Papa Ramazani? Ulikuwa na miaka kumi, ulikuwa umetoka shule, umesimama ukingoni na sare yako. Wafanyakazi walikuwa wanasema fosi hii haitajaa mpaka mwisho wa dunia. Ukaniuliza mbele yao:

"Papa, kama haijalaka, ile mayi inaendaka wapi?"

Nikakujibu: "Inaendaka Zambie, bila passeport."

Walicheka mpaka mmoja akadondosha sepeto shimoni. Wewe hukucheka. Uliendelea kulitazama shimo. Nilikuona, na nikachukia kidogo, kama mtu anavyochukia akiombwa risiti. Baadaye ulipochagua masomo haya nilidhani ni mimi niliyekutia hamu, nikawaambia watu, damu ya fundi hiyo. Leo nadhani ulikwenda chuo miaka yote hiyo kwa sababu baba yako alikataa kujibu swali la mtoto wa miaka kumi.

Na siku ile ile nilifanya kosa lingine, ambalo nadhani mafundi wa hapa kwetu tu ndio wanaweza kulifanya kwa moyo mweupe. Mwenye ghorofa alikuwa na kisima chake. Nikapima hatua kutoka kisimani kwake hadi kwenye fosi, mara mbili, mbele ya macho yake, miguu imenyooka kama askari. Nafasi ilikuwa nzuri. Nikamwambia alale bila wasiwasi. Lakini sikuchungulia juu ya ukuta. Kwetu sisi kiwanja ni nchi, na ukuta ndio mwisho wake. Tunapima kila kitu kwa uangalifu ndani ya ukuta, kana kwamba maji ya chini yakifika kwenye msingi yanapiga hodi na kurudi. Kwa upande wa pili, hatua nne tu, palikuwa na kisima cha Papa Ramazani. Nilikijua. Nilikuwa nimekunywa maji yake mara mia.

Papa Ramazani alikushonea sare yako ya kwanza, hilo unalikumbuka. Watu wake walitoka Maniema, baba yake alikuwa fundi cherehani na yeye akawa fundi cherehani, na katika mtaa wetu wa watu wenye kelele yeye ndiye aliyekuwa anasema kwa sauti ya chini. Nilimpenda. Tulikuwa tunabishana kuhusu kila kitu, yeye na msikiti wake, mimi na misa yangu ninayoikosa, na hatukuwahi kununiana. Alipougua, walisema malaria, kisha wakasema tifoide, kisha utumbo ukatoboka na hospitalini wakashindwa. Ulikuwa shule ya bweni wakati huo. Hukuona msiba ule, na nimekuacha ufikiri ulikuwa msiba kama misiba mingine.

Siku ya tatu wakaanza kutafuta nani amemuua. Unajua watu wetu. Daktari akiandika tifoide wao wanasoma jina la mtu. Wakati anaanza kuugua, Mama Aziza mkewe alikuwa safarini, na aliyekuwa anampikia uji ni Zuhura, mke wa mdogo wake. Mwanamke mpole, hana mtoto, anatembea peke yake. Hao ndio wanaofaa. Wakamweka katikati wakamuuliza alitia nini ndani ya uji. Naye alikuwa anajibu jambo moja tu, kwamba alitia maji na unga.

Maji na unga, Mwadi. Alikuwa anawaambia.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi ya majirani. Nilikuwa mtu wa heshima pale, Maître Banza, na mzee mmoja akanigeukia akataka maneno yangu. Ningeweza kunyamaza. Nilisema: "Papa Ramazani alikuwa na nguvu. Haiwezi kuwa bure." Nilisema hivyo kwa sauti nzito, nikatikisa kichwa. Bwana wake akamfukuza Zuhura jioni hiyo. Alitoka na mfuko mmoja wa plastiki, akaenda kwa ndugu zake Ruashi, na nasikia mpaka leo anauza makala, mkaa wa kupikia, kando ya barabara ya mgodi.

Utaniuliza kama nilijua. Nimejiuliza leo nzima, na jibu nililolipata ni hili. Nilijua kwamba maji yanakwenda mahali. Sikutaka kuambiwa ni wapi. Ukitaka kujua watu kama mimi tunavyofanya ubaya, ni hivyo tu, hakuna siri kubwa zaidi. Hatuchukui kisu. Tunakataa kuchungulia ng'ambo ya ukuta, halafu tunakwenda kwenye msiba wa jirani na uso wa huzuni, na huzuni yenyewe ni ya kweli.

Usifikiri wakubwa walikuwa bora. Baada ya msiba ule, walikuja watu wa mradi mmoja wa maji, wenye magari meupe na fulana zenye picha ya tone. Walitundika bango kwenye avenue kwamba maji safi ni uhai, kana kwamba sisi tulikuwa tunadhani ni soda. Waliwafundisha akina mama kunawa mikono, wakati mama hao walikuwa wamelea watoto kabla wao hawajazaliwa. Halafu wakaniajiri mimi, Banza, kwa sababu ya jina langu, nijenge choo cha mfano shuleni. Walinipa saruji ya kutosha na mchoro mzuri. Sakafu ya fosi sikuimwaga. Saruji ile iko kwenye baraza la nyumba yetu, umekaa juu yake miaka yote ukisoma. Siku ya kukabidhi walikuja sita, wenye kofia ngumu na buti mpya. Walizunguka, walipiga picha, mmoja akaupiga ukuta kofi kama mtu anayenunua ng'ombe. Hakuna hata mmoja aliyeshuka shimoni kutazama. Ngazi ilikuwepo. Niliisimamisha mwenyewe, nikijua kabisa hawataigusa, maana niliwatazama viatu nikawaelewa.

Nakuambia hili kwa sababu huko unakokwenda wamejaa. Utakaa meza moja na watu wanaoandika kurasa mia juu ya maji machafu na hawajawahi kuyanusa. Watakuwa na maneno mazuri. Utawaonea wivu kwa maneno hayo, na utajisikia mshamba. Mimi sina cha kukufundisha juu ya hesabu zako, lakini kuhusu kushuka shimoni nina haki ya kusema, kwa sababu nimeishi kwa faida ya wale wasioshuka. Wewe hujawahi kuogopa kuchafuka. Nimekuona ukiingiza mkono kwenye mtaro, ukachukua maji kwenye kichupa, wakati wasichana wenzako wameziba pua. Nilikucheka siku hiyo pia.

Kwa kweli nimekucheka mara nyingi kuliko ninavyoweza kuandika. Ulipoleta tofali lako la kwanza la tope, nilikuwa na wageni. Nililirusha juu nikalidaka, nikawauliza nani atakubali kulala ndani ya nyumba ya mavi. Wakacheka, nawe ukalichukua ukaliweka chini ya kitanda chako. Hujui kilichofuata. Ulipokwenda chuo nililitoa. Nililitia ndani ya ndoo ya maji siku tatu, kisha nikaligonga na nyundo, na pembeni yake nikagonga tofali langu la udongo wa kichuguu, lile ninalolisifia kila siku. La kwangu lilipasuka. Lako lilitoa sauti tu. Nililikausha nikalirudisha mahali pake, na sikukuambia, kwa sababu ningelazimika kuwaambia na wale wageni.

Basi leo mchana, wakati mama yako anakupeleka kwa msusi, nilichukua ile ramani ya penseli nikaenda kwa Mama Aziza.

Alikuwa amekaa mlangoni anachambua mboga ya lengalenga. Alinikaribisha kwenye kiti cha marehemu, akaniletea glasi ya maji kama anavyoniletea siku zote, akaiweka kwenye kigoda.

"Mutoto anaenda kesho?" akauliza.

"Kesho asubuhi."

"Mungu amutangulie. Eko na roho muzuri, Mwadi."

Nikamwambia yote. Sikuwa na mpangilio, nilianzia katikati. Nikamwonyesha ukuta, nikamwonyesha mahali fosi ilipo ng'ambo, nikamwonyesha misalaba miwili. Aliendelea kuchambua majani. Nilipomaliza, nikaanza tena kuongea, naye akaninyamazisha kwa kiganja.

"Mwadi anayua?"

"Anayua."

"Toka lini?"

"Mwaka jana."

"Anapitaka hapa kila siku. Kila siku ananiambia, Mama Aziza, chemsha mayi. Miye nafikiri ni mambo ya bantu ba kusoma." Akatikisa majani. "Siku ingine nachemsha. Siku ingine makala inaisha."

Akaisogeza ile glasi karibu nami, kwa kidole kimoja.

"Kunywa, Maître."

"Mama Aziza..."

"Si njo mayi ya kazi yako? Umetembea na jua. Kunywa."

Sikunywa, mwanangu. Mkono wangu ulifika kwenye glasi na ukakataa. Nimekunywa maji yale miaka na miaka nikiwa sijui, na leo nikiwa najua nikashindwa kunywa funda moja mbele ya mwanamke ambaye ameyanywa, ameyapikia, amemwoshea mumewe mgonjwa. Alinitazama, hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Unaona," akasema. "Bamaskini banakunywaka, fundi hanywake."

Halafu akainuka, akaimwaga glasi kwenye mchanga, akarudi kukaa. Akasema: "Zuhura eko Ruashi. Miye sitamwambia. Weye njo ulisema pale kwa kilio, mbele ya bantu. Weye njo utamwambia, na shemeji yangu, bwana wake, atakuwa pale anasikia. Nitamuita kesho, aende." Sikubishana. Nilivaa kofia yangu nikaondoka, na nyuma yangu nilisikia anarudi kuchambua majani.

Ndiyo hayo. Sasa ninalotaka kutoka kwako.

Ile ramani ya penseli nimeiweka juu kabisa ya nguo zako, utaiona ukifungua sanduku. Nimeiongezea. Ulikuwa umekosa fosi sita, kwa sababu nyingine zilijengwa kabla hujazaliwa na nyingine nilizifanya kwa siri ya mwenye nyumba. Nimeziweka kwa kalamu nyekundu, na kando ya kila moja nimeandika kina chake na udongo tuliokutana nao. Mbili sina uhakika wa mahali penyewe, nimeandika hivyo. Ukifika, mwonyeshe profesa wako. Mwambie lile eneo la kijivu lilifikika, na kwamba wewe ndiye uliyelificha, na kwa nini. Nimewaza anaweza kukufukuza. Mtu anayechagua mwanafunzi kwa kazi yake anaweza kuchukia sana akijua kazi ina tundu. Akikufukuza utarudi, nami nitakuja kukupokea mpakani, na baba yako mdogo atatafuta hotuba nyingine. Najua ninachokuomba. Ni kitu unachokitaka kuliko vyote, nami ndiye niliyekichafua, na bado nakuomba ukiweke mezani.

Lakini ukianza utafiti wako juu ya ile ramani ya kijivu, Mwadi, utajenga kitu kizuri, watu watakisifu, na chini hakutakuwa na sakafu. Mimi nimeishi kwenye sifa za namna hiyo. Zinashibisha sana, ndiyo ubaya wake. Na usiniambie ulifanya kwa upendo. Najua ulifanya kwa upendo. Mama Aziza alikuwa anakunywa upendo huo mwaka mzima, na wewe ukipita unamwamkia.

Nimeandika hilo kwa ukali, na sitalifuta. Wewe ni bora kuliko mimi, nimejua tangu ukiwa na miaka kumi, na kwa sababu hiyo nilikuwa nakucheka. Ningekuwa nakudharau kweli, ningekuandikia habari za sweta.

Fosi ya ghorofa nitaifungua wiki hii. Nimeshaongea na wapangaji, nimeshaongea na mtu wa lori. Nitashuka mwenyewe, nitaimwaga sakafu, nitapiga lipu kama nilivyofundishwa. Halafu ya pili, halafu ya tatu, mpaka magoti yakatae. Hazitamrudisha mtu. Wale wanafunzi wangu wa Ruashi nitawaita waje waone, waache kuniinulia kofia.

Kesho asubuhi utaniona nimevaa suti. Mama yako atadhani nimevaa kwa ajili yako, na wewe utadhani hivyo hivyo, utaanza kulia kabla hata basi halijawasha moto. Usilie. Basi lako likishaondoka, nakwenda Ruashi kwa Zuhura.

Papa yako,
Banza